Kioo Kimebanduka Kwenye Metali: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kubandika Upya

Prizimu, lenzi au kioo cha kuakisi kikibanduka kwenye kikalio chake cha metali, usikisafishe kwanza. Mabaki ya gundi ya zamani ndiyo yanayoeleza kilichotokea, na msasa au asetoni ikishapita juu yake ushahidi huo haupatikani tena. Chukua lenzi ya kukuzia na taa inayomulika kwa ubavu, upige picha uso wa kioo na uso wa metali kwa simu, kisha ndipo uanze kufikiri juu ya gundi.

Swali la kujibu ni hili: ni wapi hasa palipoachia? Kati ya kioo na metali hakuna gundi peke yake. Kuna uso wa kioo, pengine kuna praima, yaani kiowevu kinachopakwa kwanza ili gundi ishike, kuna gundi yenyewe, kuna mpako wa metali, uwe rangi, anodaizi (ngozi ya oksidi inayooteshwa juu ya alumini), nikeli au kromu, na chini ya mpako ndipo ilipo metali. Kila mpaka kati ya tabaka mbili unaweza kuachia, na kila mmoja una sababu zake. Katika vifaa vinavyofika mezani kwangu hapa Mbeya, yaani hadubini za zahanati, darubini za waongoza watalii na teodolaiti za wapima ardhi, mpaka unaoachia mara nyingi ni ule ambao mwenye kifaa haufikirii kabisa, ulio kati ya mpako na metali. Kwa sababu hiyo nitaanza na huo na kukaa nao zaidi.

Gundi imebaki kwenye kioo, nayo imebeba ngozi ya rangi

Geuza kioo na uangalie upande wa chini wa gundi. Ukiona ngozi nyembamba nyeusi au ya kijivu imeshikamana na gundi, na ukiona kwenye kikalio doa la metali tupu lenye umbo lilelile, basi gundi haikushindwa. Ilishika rangi vizuri, na rangi ndiyo iliyoachia metali. Kuongeza gundi kali zaidi hapa hakusaidii chochote, kwa kuwa gundi mpya nayo itaikamata rangi ileile iliyokwisha kulegea pembeni mwa doa.

Somo hili nililipata kwa gharama. Darubini ya mwongoza watalii mmoja, anayelala Iringa kwenye baridi na kufanya kazi Ruaha ambako mwezi Oktoba joto hupita nyuzi 35, ilirudi kwangu mara mbili kwa tatizo moja, na mara zote mbili nilikuwa nimesafisha, nimetia epoksi nzuri, gundi ya kuchanganya resini na kigumishi, na kungoja siku kamili. Iliporudi mara ya pili ndipo nilipoangalia kwa lenzi na kukuta ngozi ya rangi nyeusi chini ya tone la gundi. Nilikwangua rangi mahali pa kubandikia tu, nikafika kwenye alumini, nikabandika upya, na prizimu ile haijarudi mezani kwangu.

Kabla ya kuamua kuondoa mpako, ujue ni mpako gani. Rangi ya kawaida, na hata ile ya unga inayookwa kwenye tanuri, hukunjuka kama ganda ukiikwaruza kwa ncha ya wembe mahali pasipoonekana, na rangi ya kawaida mara nyingi hutia doa kwenye pamba yenye asetoni. Anodaizi haikunjuki. Hiyo ni oksidi ya alumini yenyewe, iliyooteshwa kwa umeme ndani ya tindikali, yenye unene wa takribani mikroni 5 hadi 25 katika vifaa vya kawaida, na wembe huiachia mstari mwembamba mweupe tu. Nikeli na kromu hung'aa na hupitisha umeme, kwa hiyo multimita, kipimo cha umeme, itakuambia mara moja, wakati rangi na anodaizi huzuia umeme.

Kwa rangi, msimamo wangu ni mmoja: iondolewe mahali pa kubandikia, hata kama inaonekana nzima. Asiyeamini afanye jaribio la gridi. Chora kwa wembe mistari sita wima na sita mlalo, iachane kwa milimita moja, bandika seloteipu juu yake, uibonyeze vizuri na kuivuta kwa haraka. Vijiraba vikitoka na teipu, rangi hiyo haiwezi kubeba kioo. Vikibaki vyote, rangi ina mshiko wa kutosha kujishikilia yenyewe, jambo ambalo halina maana kwamba itabeba prizimu ya gramu 50 inapoanguka pamoja na kifaa kutoka kwenye boneti ya gari.

Anodaizi ni suala lenye pande mbili, na mafundi hatukubaliani. Tabaka hilo limeshikamana na alumini kwa nguvu kwa sababu limeota kutoka humo, kwa hiyo kulikwangua lote mara nyingi ni uharibifu usio na faida. Tatizo lake ni uso wa juu. Oksidi hiyo ina vitundu vidogo vinavyopokea wino mweusi, na baada ya kutiwa wino hufungwa, mara nyingi kwa maji ya moto, ili wino usitoke. Ikishafungwa huwa laini na haipokei gundi vizuri kama ile isiyofungwa, na pengine hubaki na vumbi jeupe laini kama poda. Pitisha pamba nyeupe iliyolowa alkoholi. Ikichukua unga, unga huo ndio uliokuwa ukishikwa na gundi. Ninachofanya mimi ni kusugua taratibu kwa msasa namba 320 au 400 mpaka mng'ao upotee, bila kulazimisha kufika kwenye alumini, kisha kufuta mpaka pamba itoke nyeupe.

Kromu ndiyo mbaya kuliko zote. Gundi huikalia bila kuishika, na kama kikalio kina kromu ni afadhali kuivunja kwa msasa mkavu mpaka uso uwe na mikwaruzo ya pande zote, au kuichimba kabisa mahali pa kubandikia. Nikeli huvumilika zaidi, lakini nayo inataka msasa.

Tahadhari mbili. Alumini iliyokwanguliwa huanza kuota oksidi mpya na kukusanya uchafu wa hewani papo hapo, kwa hiyo ibandikwe ndani ya saa moja, na wala isikwanguliwe jioni ili ibandikwe kesho. Pili, sehemu iliyokwanguliwa hung'aa, na mng'ao ndani ya darubini hurudisha nuru mahali isipotakiwa. Kwangua duara dogo kuliko gundi itakavyoenea, na kama ukingo mweupe utabaki, upake rangi nyeusi isiyong'aa baada ya gundi kukauka kabisa.

Kanuni hiyohiyo inahusu mgongo wa kioo cha kuakisi. Kioo chenye fedha nyuma hupakwa rangi ya kuilinda fedha, na anayebandika juu ya rangi hiyo amebandika rangi, hajabandika kioo. Hapa hatuwezi kukwangua bila kuharibu fedha, kwa hiyo kioo cha namna hiyo kishikwe kwa vibanio vya pembeni, na gundi iwe msaidizi tu.

Gundi yote imebaki kwenye metali, na kioo kimetoka kikiwa safi

Dalili hii ina sababu mbili kubwa, mafuta na maji, nazo hutofautishwa kwa muda. Kama kioo kilitoka ndani ya siku au wiki chache, shuku mafuta. Kama kilikaa miezi na kutoka baada ya mvua za masika, shuku maji.

Mafuta huku nyanda za juu yana msimu wake. Mwezi Juni na Julai, baridi inapopasua ngozi, kila mtu hujipaka mafuta ya mgando mikononi asubuhi na jioni, na fundi si tofauti. Kidole kimoja kikigusa uso uliokwisha kusafishwa huacha tabaka lisiloonekana ambalo gundi italikalia badala ya kioo. Vaa glavu za nitraili zisizo na poda, na uzibadilishe baada ya kugusa simu, uso au mlango. Losheni zenye silikoni ni hatari zaidi, kwa kuwa silikoni haitoki kwa kufutwa mara moja na huenea kutoka chombo kimoja hadi kingine.

Usafi wenyewe huharibiwa na kinachosafishia. Spiriti yenye rangi inayouzwa kwa matumizi ya nyumbani ina vitu vilivyoongezwa ambavyo hubaki kiowevu kinapokauka. Kiondoa rangi ya kucha kina asetoni, lakini mara nyingi kimetiwa mafuta ya kulinda kucha. Petroli na thina huacha utando. Tumia asetoni safi kwanza, na umalizie kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ukifuta kwa mwelekeo mmoja na kutupa pamba kila baada ya mpito mmoja. Alkoholi ya asilimia 70 ya kusafishia mikono ina maji mengi, na nyingine zimetiwa gliserini.

Njia ya kuhakikisha ni kumwagia tone la maji yaliyosafishwa. Maji ya betri yale yasiyo na asidi, yanayouzwa vituo vya mafuta, yanafaa; soma chupa mara mbili usije ukachukua asidi. Juu ya kioo safi maji hutanda kama ngozi moja isiyokatika. Yakikusanyika kuwa matone au yakiacha visiwa vikavu, kuna mafuta, na usafi urudiwe. Yakitanda, kausha kwa alkoholi na kwa hewa ya uvuguvugu.

Sababu ya pili ni ngumu zaidi kwa sababu haitokani na uzembe. Uso wa kioo hupenda maji kuliko unavyopenda gundi. Unyevu ukipenya pembeni mwa tone la epoksi, polepole hujipenyeza kati ya gundi na kioo na kuiinua, hata kama siku ya kwanza mshiko ulikuwa imara kabisa. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hadubini inayokaa huko kwenye chumba kisicho na joto huishi ndani ya unyevu kwa miezi mfululizo. Epoksi ya dakika tano ndiyo inayoathirika zaidi. Inavutia kwa haraka yake, lakini huvumilia maji kidogo kuliko ile inayochukua saa 24. Siitumii tena kwenye kioo chochote.

Tiba ya kweli ni praima ya silani, ambayo upande mmoja wa molekuli yake hufungamana na kioo na upande wa pili hufungamana na gundi. Hupakwa nyembamba mno, kwa mchanganyiko wa takribani asilimia 1 hadi 2, kisha huachwa ikauke. Wengi huharibu kazi kwa kuipaka nene, na hapo hugeuka kuwa tabaka dhaifu. Mahali ambapo haipatikani, hakikisha kwamba gundi haikai ukingoni ambapo umande hukusanyika, na ukishamaliza paka utepe mwembamba wa silikoni isiyotoa asidi kuzunguka kiungo ili kuchelewesha maji. Silikoni ije mwisho kabisa. Ikitangulia, epoksi haitashika popote ilipopita.

Kuna pia umande wa kujitakia. Kifaa kilichokuja kwa bodaboda asubuhi ya Julai kikiingizwa kwenye chumba chenye joto, metali yake hutoka jasho ndani ya dakika chache, na jasho hilo halionekani kwenye rangi nyeusi. Kiache kwenye mfuko uliofungwa mpaka kifikie joto la chumba. Wala chumba kisipashwe joto kwa jiko la mkaa wakati wa kubandika: licha ya hatari ya hewa yake kwa fundi, moshi hutua kwenye kioo safi.

Gundi inanata, ni laini, au imefunikwa na kitu kama nta

Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na uwanda wa Kitulo, karibu mita 2,600, hupata jalidi wakati wa kipupwe. Maelekezo ya kwenye pakiti ya gundi yameandikwa kwa chumba cha nyuzi 23 hadi 25. Kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10, kasi ya epoksi kugumu hupungua kwa takribani nusu, kwa hiyo gundi ya saa 24 inahitaji siku mbili kwa nyuzi 15, na usiku wa nyuzi 7 karibu inasimama. Ubaya ni kwamba haisimami ikiwa laini wazi. Hugumu kiasi cha kumdanganya fundi anayeigusa kwa ukucha, ilhali ndani haijakamilika.

Suluhisho ni sanduku la mbao au la kadibodi lenye balbu ya zamani ya kupasha moto, kipimajoto, na tundu la kutolea hewa. Weka kazi ndani mpaka gundi iwe imeshika kwa joto la chumba, ndipo upandishe polepole hadi nyuzi 40 na kuiacha hapo usiku kucha. Usipandishe kwa kasi, na usipite nyuzi 50 kama kuna lenzi mbili zilizounganishwa kwa zeri ya Kanada, kwa kuwa zeri hiyo hulainika kwa joto na lenzi zitatelezeana. Bila sanduku, kifaa kisirudishwe kwa mwenyewe kabla ya siku saba.

Tabaka kama nta juu ya gundi ni jambo jingine. Kigumishi cha amini kikikutana na unyevu na hewa ya kaboni dayoksaidi katika baridi, hutengeneza chumvi yenye utelezi juu ya uso. Gundi iliyo chini inaweza kuwa nzima. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kabla ya kuongeza tabaka jingine, kwa sababu alkoholi peke yake huisambaza tu.

Kama gundi inanata mpaka ndani, tatizo ni uwiano. Mafundi waliojifunza kwenye gereji wamezoea bodifila, ile ya kujazia mabonde ya bodi ya gari, ambayo ukiiongezea kigumishi hukauka haraka. Epoksi haiko hivyo. Kila sehemu ya resini inahitaji sehemu yake ya kigumishi, na kinachozidi hubaki humo kikiwa hakijafungamana na chochote. Pia angalia kama uwiano uliotolewa ni wa ujazo au wa uzito, kwani gundi inayochanganywa sawa kwa sawa kwa ujazo inaweza kuwa 100 kwa 80 kwa uzito. Mzani mdogo unaopima hadi sehemu ya mia ya gramu, kama ule wanaoutumia wanunuzi wa dhahabu Chunya, umenisaidia kuliko kifaa kingine chochote cha bei ile. Changanya angalau gramu 5 hata kama unahitaji tone moja, kwa kuwa kosa dogo kwenye kiasi kidogo ni kosa kubwa.

Resini iliyokaa kwenye kabati la baridi inaweza kuwa na ukungu au chembechembe kama sukari iliyoganda kwenye asali. Haijaharibika. Itie chupa yake, ikiwa imefungwa, kwenye maji ya nyuzi 50 hadi 60 mpaka iwe angavu, iache ipoe, kisha upime.

Gundi za kukaushwa kwa mwanga wa urujuanimno hubaki kimiminika popote mwanga usipofika, na chini ya kikalio cheusi kuna kivuli kila mahali. Taa ya kucha ya saluni hukausha ukingo na kuacha katikati pabichi.

Silikoni isiyokauka wakati wa kiangazi mara nyingi imekosa unyevu tu, maana huuchukua hewani na kukauka kuanzia nje kwenda ndani kwa milimita mbili au tatu kwa siku. Bakuli la maji kando yake ndani ya sanduku linatosha.

Gundi imekatika katikati, nusu huku na nusu kule

Hapa mishiko yote miwili ilikuwa mizuri na gundi yenyewe ndiyo iliyozidiwa. Ama ina mapovu, jambo linaloonekana wazi kwa lenzi na ambalo huondolewa kwa kukoroga polepole na kuweka tone moja katikati badala ya matone mengi, ama eneo ni dogo kuliko mzigo.

Eneo linaweza kukadiriwa. Prizimu ya gramu 50 ina uzito wa takribani nusu nyutoni, lakini kifaa kinapoanguka sakafuni mshtuko unaweza kufika mara 500 ya uzito huo, yaani nyutoni 245. Ukichukua epoksi yenye nguvu ya megapaskali 10, yaani nyutoni 10 kwa kila milimita ya mraba, na kujiwekea akiba ya mara nne, unapata milimita za mraba 98, sawa na duara la kipenyo cha milimita 11 hivi. Tone la milimita 5 ambalo huonekana imara mezani liko chini ya robo ya hitaji hilo.

Kioo kimepasuka, au gundi imeng'oa kipande cha kioo

Vipande vilivyong'oka kwa umbo la gamba la konokono, vikiwa vimeshikwa na gundi, vinaonyesha kwamba gundi ilikuwa na nguvu kuliko kioo. Sababu ni joto. Alumini hutanuka kwa takribani sehemu 23.6 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, na kioo cha kawaida cha prizimu kwa 7.1. Tofauti ni 16.5. Chukua prizimu ya milimita 30 iliyogundishwa uso mzima, kifaa kikatoka kwenye usiku wa nyuzi 8 hadi ndani ya gari lililoegeshwa juani kwa nyuzi 55. Tofauti ya urefu inafika mikroni 23, nusu yake kila upande. Kwenye gundi yenye unene wa milimita 0.1, mikroni 12 ni asilimia 12 ya unene wote, na epoksi ngumu haivutiki hivyo bila kudai kitu kivunjike.

Tiba iko kwenye umbo kuliko kwenye aina ya gundi. Gundisha duara moja la katikati badala ya uso mzima. Duara la milimita 8, kwa joto lilelile, lina mwendo wa mikroni 3 tu ukingoni. Kama hesabu ya mshtuko inadai eneo kubwa zaidi, ongeza unene au chagua gundi inayovutika. Silikoni yenye unene wa nusu milimita hupokea mikroni 12 kwa asilimia mbili na nusu. Lakini silikoni ikiwa pana na nyembamba haisaidii, kwa sababu haibanyiki na haina pa kutokea, na tabaka la namna hiyo huwa gumu kuliko inavyodhaniwa.

Vikalio vya shaba ya njano na vya chuma cha kawaida vina nafuu. Shaba ina takribani 19 na chuma 12, kwa hiyo tofauti na kioo hupungua hadi 12 na 5. Katika teodolaiti za zamani zenye vikalio vya shaba, mpasuko wa joto ni nadra, na nikiukuta hutafuta kwanza kama mtu alipitisha gundi mpaka ukingoni mwa kioo. Gundi iliyopanda kwenye pembe iliyokatwa hujikunyata inapogumu na kuivuta pembe hiyo, mahali ambapo kioo ni dhaifu kuliko pote. Futa kilichomwagika kabla hakijashika, na uweke unene sawa kwa vipande vitatu vya waya mwembamba wa shaba vilivyowekwa pembetatu.

Kioo kimeshika, lakini picha imehama au imeharibika

Kama darubini inaonyesha picha mbili mchana wa joto na moja asubuhi, gundi inalegea. Epoksi nyingi zilizokauka kwa joto la chumba huanza kulainika kati ya nyuzi 50 na 60, na metali nyeusi juani hufika huko bila shida. Ile iliyokaushwa kwenye baridi hulainika mapema zaidi, na hapo fundi arudi kwenye sanduku la balbu.

Kama picha haikuhama lakini nyota au nukta ya mwanga imekuwa na mkia, kioo kinabanwa. Weka prizimu mbele ya skrini ya kompyuta yenye mwanga mweupe na uiangalie kupitia miwani ya jua ya polaroidi iliyozungushwa mpaka skrini iwe nyeusi. Kioo kisicho na mkazo hubaki cheusi. Kikionyesha madoa angavu yanayotoka mahali penye gundi, gundi imejikunyata au ni pana mno, na hakuna marekebisho ya skrubu yatakayoondoa mkazo huo mpaka kiungo kifunguliwe.

Doa jeusi lenye umbo la tone la gundi ndani ya picha lina sababu nyingine kabisa. Nyuso nyingi za prizimu hazina fedha. Huakisi kwa sababu nyuma yake kuna hewa. Gundi ikigusa uso huo, nuru hupenya ndani yake badala ya kurudi. Gundi iwekwe kwenye nyuso za ubavu ambazo nuru haizigusi, na kwenye uso unaoakisi pasiguswe hata na kidole.

Ukungu mweupe kuzunguka kiungo

Supagluu ndiyo chanzo mara nyingi. Mvuke wake hutua kwenye kioo na metali nyeusi kama unga, hasa ndani ya kifaa kilichofungwa mapema, na kwenye lenzi zenye mpako wa kuzuia mng'aro kuutoa kunaweza kuharibu mpako wenyewe. Silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hutia kutu ya kijani kwenye vikalio vya shaba. Kwa vyote viwili, fungua kifaa, acha kipate hewa kwa siku kadhaa, jaribu kufuta kwa asetoni kidogo mno kwenye ukingo wa kioo, na kama unga hautoki usisugue kwa nguvu. Kiungo kilichobandikwa kwa supagluu kifunguliwe na kurudiwa kwa epoksi ya saa 24, na kifuniko kisirudishwe mpaka gundi iwe imemaliza kutoa harufu.